Msituonyeshe mabwawa tu, tuambieni na habari ya kabini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niongezee machache kwenye makala mliyochapa wiki mbili zilizopita kuhusu safari za meli kubwa za watalii. Makala ilikuwa tamu, na picha ndizo zilizozidi: bwawa la kuogelea, ngazi za vioo, matunda yaliyochongwa mpaka yakawa tausi. Lakini nilipofika mwisho nikaona mwandishi hakusema hata mstari mmoja juu ya mahali anapolala mtu, na chakula amekieleza kama vile abiria hukaa mezani yeye na sahani yake tu. Mimi nimetoka kwenye safari ya namna hiyo mwaka huu, siku 7, na raha yangu na karaha yangu vyote vilitoka kwenye namba mbili: namba ya kabini na namba ya meza. Hayo mengine ni mapambo.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi wodini miaka 34, nyingi zikiwa za zamu ya usiku, kwa hiyo usingizi kwangu si jambo la mchezo. Nilisafiri na mdogo wangu wa kike, mjane kama mimi. Tiketi alitununulia mwanangu mkubwa, zawadi ya kustaafu. Simlaumu kwa lolote, na akiisoma barua hii ajue hivyo.

Alichokosea ni kimoja. Alinunua tiketi ya aina ile ambayo unalipia daraja tu la kabini, halafu kampuni ndiyo inayokuja kukuchagulia namba siku chache kabla ya meli kung'oa nanga. Bei inashuka, ndiyo. Kabini za meli hizi kwa kawaida ni za daraja nne: za ndani zisizo na dirisha, zenye dirisha, zenye roshani, na zile za wenye nacho ambazo zina sebule yake kabisa. Mwanangu akatuwekea yenye dirisha, akijua mama yake mdogo anapenda kuangalia maji. Asilolijua ni kwamba ndani ya kila daraja kuna kabini za kupigania na kuna kabini za kusukumiwa, na asiyechagua namba ndiye anayesukumiwa.

Tulipofungua mlango, sitaha ya 7 (yaani ghorofa ya saba ya meli), mdogo wangu alikwenda moja kwa moja dirishani akavuta pazia. Akanyamaza. Nikamuuliza, "Bahari vipi huko?" Akasema, "Dada, njoo uone bahari ya rangi ya chungwa."

Nje ya kioo, karibu kiasi kwamba kama dirisha lingefunguka ningeigusa, ilining'inia mashua ya kuokolea. Ubavu wake ulijaa dirisha lote. Chini yake maji yalionekana kama uzi wa kushonea, na kwenye pembe ya juu palibaki kipande cha mbingu chenye ukubwa wa leso. Ubavuni iliandikwa idadi ya watu inaowabeba: 150. Nimeisoma hiyo 150 kila asubuhi wiki nzima nikiwa bado nimejilaza.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Titanic ilipozama Aprili 1912 ilikuwa na watu zaidi ya 2,200, na mashua zake zote zingetosha watu 1,178 tu. Waliokufa walipita 1,500. Msiba ule ndio uliozaa mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ule wa kwanza wa 1914. Basi mimi nani niombe mashua isogezwe ili nione mawimbi? Ibaki papo hapo. Ninachotaka ni muuzaji aseme. Baadaye mwanangu alirudi kwenye tovuti akakuta kweli maneno yapo, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, kwamba mandhari ya kabini hiyo "yamezuiwa kiasi". Kiasi! Mdogo wangu amelifanya neno hilo utani wa nyumbani. Ukimnyima chai atakuambia umemzuia kiasi.

Kabini yenyewe ilikuwa safi, hilo sina ubishi nalo. Ukubwa wake unakaribia mita za mraba 16, vitanda viwili ambavyo mhudumu anaweza kuviunganisha au kuvitenganisha (tuliomba avitenganishe, mdogo wangu anakoroma), kabati, kimeza na bafu. Masanduku yanasukumwa chini ya kitanda, na hapo ndipo unapoona aliyesanifu chumba alifikiri. Bafuni ukigeuka unagusa ukuta huku na huku, na pazia la kuogea lina tabia ya kukukumbatia mgongoni. Choo kinavuta kwa hewa, na kishindo chake usiku ni cha kumtoa mtu roho. Usikivute mwenzako akiwa amesinzia. Kuta ni za chuma, kwa hiyo kisumaku chenye ndoano kinashika popote. Hili nilijifunza siku ya nne kutoka kwa mwanamke mmoja niliyekula naye, ambaye alikuwa ametundika kofia, mikoba na karatasi za ratiba ukutani kama duka. Pasi na birika la umeme haviruhusiwi, wanaviondoa kwenye sanduku lako pale bandarini kwa kuogopa moto. Mdogo wangu alitoka na blauzi iliyokunjamana jioni ya kwanza, akasema ndiyo mtindo.

Lakini hilo la dirisha lilikuwa jambo dogo katika masaibu yetu. Chini ya sakafu yetu palikuwa na ukumbi wa muziki.

Usiku wa kwanza, saa 5, nilianza kusikia mapigo kwenye mto. Si wimbo, kwani wimbo ungekuwa na maneno ningeimba nao. Yalikuwa mapigo tu ya ngoma nzito yanayopanda kwenye miguu ya kitanda, du, du, du, kama mtu anayebisha hodi bila kuchoka. Yalikoma saa 7 na dakika 10. Nilikuwa nimeitazama saa. Asubuhi nilishuka mapokezi, na kijana wa pale, mwenye adabu zake, akaniambia meli imejaa, hakuna kabini hata moja iliyo tupu, akanipa vijiziba vya masikio viwili kwenye kipakiti. Nikamuuliza kama abiria wengine wa kabini zile hulalamika pia. Akatabasamu, akafungua mtoto wa meza. Lilikuwa limejaa vipakiti hivyo hivyo.

Hapo ndipo inapoingia namba ya pili, ile ya meza.

Kwenye ukumbi mkubwa wa chakula, kuna zamu mbili za kula jioni, ya kwanza saa 12 na ya pili saa 2 na nusu usiku. Meli nyingine zina utaratibu wa kuingia saa yoyote unayotaka. Sisi tulipangiwa zamu ya pili, meza ya watu wanane, na meza hiyo ni yako na wenzako hao hao na mhudumu huyo huyo mpaka siku ya kushuka. Mdogo wangu ana kisukari. Chakula cha usiku kinachoanza saa 2 na nusu na kwisha saa 4 na ushei kwake si starehe, ni hatari. Siku ya kwanza nilimfuata mkuu wa wahudumu nikamweleza. Zamu ya kwanza ilikuwa imejaa, lakini aliketi nami akaniuliza maswali ambayo hata madaktari wengine hawaulizi: anakula saa ngapi nyumbani, anatumia sindano au vidonge, akizidiwa anaonyesha dalili gani. Tukakubaliana mdogo wangu atapata kitu kidogo kwenye bafe saa 12, kisha usiku aje ale kidogo, na kila jioni mkuu huyo atamletea orodha ya chakula cha kesho achague mapema ili jikoni wampikie bila sukari. Kwa msomaji mwenye kisukari, mzio au lolote la namna hiyo, hili ndilo la kukata na kulibandika kwenye jokofu: sema siku ya kwanza, na umwambie mkuu wa wahudumu mwenyewe. Bora zaidi useme wakati wa kununua tiketi.

Ile meza sasa. Niliiogopa. Kukaa na wageni sita kila usiku, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, niliona ni adhabu. Palikuwa na mke na mume waliokuwa wakitimiza miaka 40 ya ndoa, mama mmoja na binti zake wawili wakubwa (huyo ndiye wa visumaku), na mzee aliyekuwa peke yake, fundi wa mitambo ya meli za mizigo aliyestaafu. Siku ya kwanza tuliulizana hali ya hewa. Siku ya pili mtu akauliza, "Mmelalaje?" na kuanzia hapo hatukunyamaza tena.

Wale wana ndoa walikuwa na kabini ya roshani, sitaha ya juu, bei karibu mara mbili ya yetu. Juu ya dari yao ni eneo la bwawa. Kila siku saa 11 alfajiri mabaharia wanaosha sakafu ile na kuburuta viti mamia, kimoja kimoja, kwa miguu ya chuma. Mume alituigizia mlio ule kwa uma kwenye sahani hadi meza ya jirani wakageuka. Mama wa visumaku na binti zake walikuwa mbele kabisa, omo, na bahari ilipochafuka kidogo usiku wa tatu wakapanda na kushuka kama wako kwenye pembea. Mmoja hakuja mezani kwa kichefuchefu.

Aliyelala vizuri alikuwa yule mzee. Kabini ya ndani, haina dirisha, sitaha ya chini, katikati ya meli, daraja la bei ndogo kuliko zote, ingawa kwa kuwa alikuwa peke yake walimtoza karibu nauli ya watu wawili, na hilo alilisema kwa uchungu kila jioni kabla ya supu. Alichukua kisu cha siagi akakilaza juu ya kidole kimoja, akakiyumbisha. "Tazama ncha," akaniambia, "halafu tazama kidole." Ncha zilikuwa zinapanda na kushuka, pale kwenye kidole kisu hakikutikisika. Kisha akachukua karatasi ya kufutia midomo akachora meli iliyokatwa ubavu, sitaha juu ya sitaha, akaweka alama ya kabini yake: juu yake kabini, chini yake kabini, kulia na kushoto kabini. "Mtu aliyelala," akasema, "ndiye jirani asiye na kelele." Giza la kabini ya ndani ni zito, hujui kama ni alfajiri au usiku wa manane, akawa anaacha taa ya bafuni ikiwaka na mlango wazi kidogo. Basi. Hiyo ndiyo kasoro yake pekee.

Nikakumbuka msemo wa wazee wetu, tezi na omo marejeo ni ngamani. Tumeukariri tangu shule tukijua ni fumbo la maisha. Kumbe mtu akilala melini unaweza kuuchukua hivyo hivyo ulivyo: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngamani ni chini tumboni mwake. Ile karatasi ninayo, nimeihifadhi kwenye pasipoti.

Kwa chakula chenyewe sitasema mengi, kwa sababu makala yenu imekisifu na kilistahili. Sahani za ukumbini ni ndogo lakini hakuna anayehesabu; mdogo wangu alichukua siku tatu kuamini kwamba akiomba samaki wa pili hataandikwa kwenye bili. Kuna migahawa mingine humo humo melini ya kulipia pembeni. Tulienda mmoja mara moja, nyama ilikuwa laini, tukawakosa wenzetu wa mezani, hatukurudi. Mhudumu wetu alikuwa kijana mwembamba ambaye usiku wa pili alishajua majina yote nane, na kuanzia usiku huo mdogo wangu hakuulizwa tena kuhusu keki. Kilikuja kibakuli cha matunda, kimya kimya, kabla hajaanza kuona aibu ya kukataa.

Kwenye bafe nina neno, nalo ni la kikazi. Siku mbili za mwanzo wahudumu ndio waliokuwa wakipakua, sisi tunanyoosha kidole tu, na watu walinung'unika. Mimi nilifurahi. Meli ni mahali ambapo maelfu ya watu wanagusa vijiko vile vile, na kuna kirusi kiitwacho norovirusi kinachopenda mahali kama hapo: unakimeza leo, kesho au keshokutwa unatapika na kuharisha. Mlangoni pa bafe kulikuwa na mashine ya jeli ya kusafisha mikono, na pembeni yake sinki tano zenye sabuni. Watu wakipita wanachovya jeli wanaingia, wamejitakasa. Jeli ya kilevi haikiwezi vizuri kirusi hicho. Kinachofaa ni sabuni na maji yanayotiririka, kusugua sekunde 20. Siku ya tatu nikiwa kwenye foleni, bwana mmoja mbele yangu alilamba mchuzi kwenye kidole gumba, akashika koleo la saladi kwa mkono huo huo, akanigeukia na kunipisha kwa heshima. Nilikula ndizi. Ina ganda lake.

Anayetaka kujua usafi wa meli kabla hajalipa, mamlaka ya afya ya Marekani ina mpango wa ukaguzi tangu 1975 kwa meli za watalii zinazofika bandari zake kutoka nje ya nchi. Wanakagua jikoni, maji, mabwawa, wanatoa alama kati ya 100, na inayopata 85 au chini imefeli. Matokeo yapo wazi kwenye tovuti, kila mtu anaweza kuyasoma. Mwandishi wenu angeweza kuyataja badala ya yule tausi wa matikiti.

Jingine ambalo makala ililiruka ni wale wanaotupakulia. Yule kijana wetu niliwahi kumkuta saa 12 na nusu asubuhi akimimina kahawa kwenye bafe, na usiku saa 4 na nusu alikuwa bado anakung'uta makombo kwenye kitambaa chetu cha meza. Nikamuuliza analala saa ngapi. Akacheka, akasema mchana ana mapumziko. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unataka baharia apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Ukizigeuza hesabu hizo utaona kazi ya saa 14 kwa siku moja inaweza kuwa halali kabisa, mradi siku 7 zisipite saa 91. Mimi nimefanya zamu ndefu, najua mtu wa saa ya kumi na tatu anavyotembea: anaweka kisigino kwanza, taratibu, kama sakafu ina maji. Ndivyo alivyokuwa akitembea na sinia letu.

Bahashishi kwa wahudumu huongezwa kwenye bili kwa kila mtu kwa kila siku bila kuulizwa, na abiria wengi hushtuka asubuhi ya mwisho karatasi inapopenyezwa chini ya mlango. Mume wa ile ndoa ya miaka 40 alitaka kwenda kuiondoa. Mkewe alimtazama tu. Kwenye karatasi hiyo hiyo kulikuwa na soda, na chupa mbili za maji za kabini ambazo mdogo wangu alidhani ni ukarimu. Maji, chai na kahawa vya bafe ni bure, vya kwenye kabini ni vya kulipia, na tofauti imeandikwa kwenye kikadi kilichoning'inizwa shingoni mwa chupa, ambacho yeye alikivua akakifanya alama ya kitabu.

Mhariri, sikuandika ili kuwatisha watu. Nimefurahi kwenda. Ila mkichapa tena makala ya meli, wekeni pembeni hata mchoro mmoja wa sitaha, unaopatikana bure kwa kila meli, muwaonyeshe wasomaji namna ya kuusoma: ukumbi wa muziki uko wapi, bwawa liko juu ya nani, mashua zinaning'inia mbele ya madirisha gani. Ni nusu ukurasa. Tausi angetoshea hapo hapo.

Mwanangu juzi aliuliza kama tungependa kwenda tena mwakani. Nilimwambia atafute kabini ya ndani, katikati, chini, na kabla hajalipa anitumie namba niitazame kwenye mchoro. Mama yake mdogo akadakia kutoka jikoni kwamba yeye hana shida na kabini, aulizie kama yule kijana bado yupo kwenye meza namba 64.

Muuguzi mstaafu,
msomaji wako wa siku nyingi